Bunduki za Mbao

Katika nyumba ya wakwe zangu, Msamala, mjini Songea, kuna bunduki ya mbao inayouzuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Kitako chake kimeliwa na mchwa, na mtutu wake, ambao zamani ulipakwa masizi yaliyochanganywa na mafuta ya taa, umeparara kwa kushikwashikwa na mikono yenye unga. Watoto wa nyumba hiyo hawajui kuwa ni bunduki; wao huuita mti wa Bibi. Lakini mimi kila nikenda huko huitazama kabla sijatazama kitu kingine, kwani ni mojawapo ya bunduki 18 zilizochongwa mwaka 2009 kwa ajili ya filamu ya vita ambayo hadi leo hapana mtu aliyepata kuitazama.

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kunikuta na beti mkononi, au na tafsiri ya beti za wenzangu. Naomba radhi kwamba safari hii nimekuja na habari za kamera. Mimi si mtu wa filamu, wala si mtu wa vyuo. Lugha nilizo nazo nimeziokota kama mtu aokotavyo kauri ufukweni: Kiingereza kwa kusikiliza redio na kusoma magazeti yaliyofungiwa vitumbua, Kijerumani kwa kamusi kuukuu niliyoinunua Darajani, isiyo na jalada wala kurasa za herufi A. Mpaka leo maneno ya Kijerumani yaanzayo kwa herufi hiyo ni mageni kwangu. Nayasema haya ili msomaji ajue mapema kuwa aliyekabidhiwa maneno ya Wajerumani na askari wao katika filamu ile alikuwa fundi wa namna gani.

Nilifika Msamala mwezi wa Mei mwaka huo kwa jambo lisilohusiana kabisa na sanaa. Mama mkwe alikuwa mgonjwa, mke wangu akaitwa kumuuguza, nami baada ya wiki mbili za kula kwa majirani nikaona bora nimfuate. Msamala ni kata ya Manispaa ya Songea: ardhi nyekundu, nyumba za tofali za kuchoma, mahindi yaliyopandwa hadi karibu na mlango, na kwa mbali milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma. Sisi watu wa visiwani tukitoka jasho hudhani nchi nzima inatoka jasho. Huko mwezi wa Juni nililala na koti. Kila mtu aliniita Shemeji, kuanzia mwenyekiti wa mtaa hadi muuza mkaa, na jina langu nililopewa na wazazi halikutumika tena hadi niliporudi Unguja.

Jioni moja mdogo wake mke wangu alikuja na vijana wanne na mgeni kutoka Dar es Salaam aliyejitambulisha kuwa ni mtayarishaji wa filamu. Wakakaa kwenye mkeka, wakanywa chai, kisha yule kijana akasema, "Shemeji, tunatengeneza filamu ya mapigano."

Nikamuuliza, mapigano ya nani na nani?

"Ya kwetu hapa. Majimaji."

Walikuwa wamekulia katika mabanda ya video. Walijua majina ya waigizaji wa Marekani na wa Hong Kong kama mimi nijuavyo majina ya washairi wa Lamu. Na walikuwa na swali ambalo sikuweza kulijibu: kwa nini mji wenye makumbusho ya vita na makaburi ya mashujaa, mji unaokusanyika kila tarehe 27 Februari kuwakumbuka walionyongwa, hauna filamu hata moja ya mapigano iliyotengenezwa na watu wake wenyewe?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wa visiwani wanavijua vita hivyo kwa jina tu. Vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, watu walipokataa kulimishwa pamba kwa fimbo, na kabla ya mwaka kwisha vilikuwa vimefika Ungoni. Dawa ya maji, ambayo iliaminiwa kuwa ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, ililetwa huko na mjumbe aliyeitwa Omari Kinjala. Risasi hazikugeuka. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani walianza kuwanyonga wakuu wa Wangoni hapo Songea, zaidi ya watu sitini, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, naye alinyongwa, na kizazi chake kimesema kwa miaka mingi kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kisha ikaja njaa. Gavana wa wakati huo, Gustav Adolf von Götzen, na maofisa wake walichoma mashamba na maghala ili kile ambacho bunduki haikukimaliza kimalizwe na njaa. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja hata 300,000.

Basi vijana walitaka kuyaonyesha hayo yote kwa kamera moja ya mkononi, na fedha ambazo mtayarishaji alisema ziko njiani.

Tatizo la kwanza lilikuwa bunduki. Za kweli hazikopeshwi, na hilo tulilijua. Fundi seremala wa mtaani akakubali kuchonga 18 kwa mabaki ya mbao za msonobari, kwa malipo ya nusu sasa na nusu filamu itakapouzwa. Alfajiri ya kwanza vijana walipojipanga nazo mabegani na kuteremka bondeni, kuna mama aliyekuwa anakwenda kisimani akawaona katika ukungu, akatupa ndoo, akakimbia. Saa moja baadaye askari polisi wawili walikuwa nasi. Mmoja aliichukua bunduki, akaigonga kwa kidole, akasikia sauti ya ubao, akacheka hadi akakaa chini. Alitusaidia hata kuandika barua ya kuomba kibali. Mwongozaji alipomwomba aigize askari wa Mjerumani, kwa kuwa alikuwa na kimo na mwendo wa kijeshi, kicheko kikamwisha. "Hapana, ndugu zangu," alisema. "Nina watoto wanaosoma hapa."

Sikulitia maanani jibu lile. Nililikumbuka baadaye.

Tatizo la pili lilikuwa umeme. Siku hizo Songea ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa, jambo lililokuja kufanyika mwaka 2018. Mji uliwashwa kwa majenereta ya dizeli, nayo yalikuwa na saa zake. Betri za kamera tulizichaji kwa kinyozi mwenye jenereta lake, na ilibidi kila siku vijana wawili wanyolewe ili asione tunamtumia bure. Mwisho wa mwezi jeshi letu zima lilikuwa na vipara, Wangoni na askari wa Mjerumani kwa pamoja.

Tatizo la tatu lilikuwa majira. Walionyongwa walinyongwa Februari, wakati wa mvua, nyasi zikiwa juu ya magoti. Sisi tulikuwa Juni, nyasi zimekauka. Tatizo la nne lilikuwa chakula. Kila aliyepigana alistahili sahani ya makande, na waliouawa mapema waliwahi foleni. Siku ya tatu ya mapigano bondeni mwongozaji alilalamika kwamba jeshi zima la Wangoni linaanguka kabla hata ya amri ya kufyatua.

Nilicheka sana siku zile. Lakini usiku, nikiwa na taa ya chemli na daftari, kicheko kilikuwa kinaniisha, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuandika watu hawa walisema nini.

Wakati huo huo mtayarishaji alikuja na kanda ya The African Queen, akasema tuitazame tujifunze namna wenzetu wanavyoigiza vita vya Mjerumani katika Afrika Mashariki. Ni filamu ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, nayo inahusu mwanamume na mwanamke wanaoteremka mto kwa mashua mbovu ili wakaizamishe manowari ya Wajerumani ziwani. Nimepata kusoma habari za utengenezaji wake, kwa kuwa mwigizaji mkuu wa kike, Katharine Hepburn, aliandika kitabu kizima kuhusu mikasa yake mwaka 1987. Walipiga picha katika Mto Ruiki, Kongo ya Wabelgiji, kisha Uganda, kwenye Ziwa Albert huko Butiaba na maporomoko ya Murchison. Hepburn aliugua tumbo la kuhara karibu muda wote. Humphrey Bogart na Huston hawakuugua, na Bogart alidai siri yao ni kwamba hawakugusa maji bali wiski. Siafu walivamia kambi. Mashua yao ilizama usiku, ikabidi kuvutwa kutoka chini ya mto. Picha za waigizaji wakiwa ndani ya maji zilimaliziwa Uingereza, katika tangi, kwa kuhofia maradhi ya maji ya mto. Pamoja na hayo yote Bogart aliondoka na tuzo ya Oscar, ya kwanza na ya mwisho maishani mwake.

Vijana walifarijika kusikia kuwa hata matajiri huzamisha mashua. Mimi nilikuwa nimeshikwa na jambo jingine. Riwaya ya C. S. Forester iliyozaa filamu ile, ya mwaka 1935, inasemekana ilipata wazo lake katika vita vya Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa na meli iliyojengwa kwao, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa makasha 5,000, ikapelekwa Kigoma kwa treni na kuunganishwa tena. Wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Ni Götzen huyo huyo wa njaa ya Ungoni. Na katika filamu ile, mwanzoni kabisa, kuna askari Waafrika wa Mjerumani wanaochoma kijiji na kuwaswaga watu wake. Dakika chache tu, kisha wanakijiji wanatoweka na hadithi inabaki ya Wazungu wawili na mashua yao.

Niliwauliza vijana: wale askari waliochoma kijiji, mnadhani walikuwa wanasema lugha gani?

Wakanitazama. Mmoja akasema, "Kiswahili, Shemeji. Si ndiyo lugha ya jeshi?"

Naam. Na hapo ndipo matatizo yetu ya kweli yalipoanza.

Kila kijana wa Msamala alitaka kuwa Nduna Songea. Waliobaki walitaka kuwa Nkosi Mputa au Nkosi Chabruma. Hakuna aliyetaka kuwa askari. Mwongozaji alipandisha malipo yao maradufu, na kwa kuwa malipo yenyewe yalikuwa makande, akawaahidi nyama. Wakaja saba tu, nao waliomba wavae kofia zilizoshushwa hadi machoni. Mmoja alimwambia fundi cherehani amshonee ukosi mrefu ili mama yake asimtambue.

Mjerumani naye tulimkosa. Alikuwapo kijana wa Kijerumani aliyekuja kujitolea katika mji ule, mpole, mwenye kupenda ugali kuliko sisi. Alikubali mara moja. Nikampa maneno niliyomwandikia, hukumu ya mistari sita. Akayasoma, akanisahihishia makosa mawili ya sarufi, akayasoma tena. Kesho yake alirudi kuniambia kwamba hawezi. Hakutoa sababu, nami sikumwuliza. Mwongozaji akaamua kwamba Mjerumani wetu asionekane uso: kamera itaonyesha buti zake tu, na sauti itoke juu. Na kwa kuwa hapo Msamala mwenye kujua kusoma Kijerumani alikuwa ni mmoja, buti zikaletwa kwangu. Zilikuwa kubwa mno, nikazijaza magazeti.

Msomaji auone mzaha huo na uzito wake. Filamu ya vita vya Majimaji haikuwa na Mzungu hata mmoja. Palibaki buti, nami nimo ndani yake. Na palibaki lugha yangu, vinywani mwa askari.

Sisi wa pwani tumezoea kujisifu, na tuna haki, kwamba Kiswahili kimewaunganisha watu. Tunakisifu katika makongamano, tunakitungia mashairi kama mchumba. Lakini nilipoketi kuandika amri za askari wale, nilitambua kwamba sikuhitaji kubuni chochote. Simama. Piga magoti. Funga huyu. Chapa. Maneno mafupi ya nyumbani, safi, hayana kosa la sarufi. Katika kikosi cha Mjerumani walikuwamo Wasudani, Wamanyema, watu wa pwani, na watu walioletwa kutoka Msumbiji, na Kiswahili ndicho walichoelewana. Maakida waliowasimamia watu kwenye mashamba ya pamba wengi wao walitoka kwetu. Hata utenzi mashuhuri wa vita hivyo ulitungwa pwani, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Nimeusoma mara nyingi na naiheshimu kalamu yake, lakini aliyatazama mambo kutoka pale alipokuwa ameketi, nako kulikuwa pwani. Mimi nilikuwa Ungoni, nikila ugali wa Wangoni.

Usiku mmoja niliandika ubeti huu pembeni mwa daftari la filamu:

Lugha yangu ya mapenzi, mama aliniachia,
Lugha ya tungo na tenzi, na ya nyimbo za kulia,
Ulikuwepo kitanzi, shingo kilipoingia:
Shahidi simama, sema, watu wapate sikia.

Sikuendelea na ubeti wa pili.

Baba mkwe wakati huo alikuwa amekaribia miaka themanini. Alikuwa karani wa ushirika wa tumbaku enzi zake, mtu wa maneno machache na mwandiko mzuri. Tangu vijana walipoanza kupiga picha hakuuliza lolote. Usiku wa kuamkia siku ya kupiga picha ya hukumu alinikuta barazani, akaomba mswada. Akavaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kama asomaye hesabu za ushirika.

"Mkwe," alisema, "huyu mkalimani hana jina?"

"Hana, Baba. Ana mistari miwili tu. Anatafsiri hukumu ya Mjerumani."

Akanyamaza muda mrefu. Mbwa alibweka kwa jirani, akanyamaza naye.

"Alikuwa nalo," alisema.

Ndipo aliponihadithia. Babu yake alipokuwa kijana alishuka hadi Kilwa na msafara wa pembe, akakaa huko misimu kadhaa, akarudi na nguo na Kiswahili. Wajerumani walipojenga boma Songea mwaka 1897 walimhitaji mtu wa kuwasemea, wakampata yeye. Hakuwa mtu mbaya, alisema Baba mkwe, wala hakuwa mtu mzuri. Alikuwa mtu aliyejua lugha. Kwa simulizi ya nyumbani kwao, siku ile ya Februari alikuwa amesimama pale. Maneno ya Mzungu yaliingia sikioni mwake kwa Kiswahili kibovu, yakatoka kinywani mwake kwa Kingoni. Waliokuwa wakisikiliza wengine walikuwa wa ukoo wake. Alirudi nyumbani, akaishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuruhusu tena Kiswahili kisemwe mbele yake. Mtoto aliyekitamka alitolewa nje.

"Mimi nilikijua shuleni," Baba mkwe alisema. "Nikifika uani nakiacha, kama mtu avuavyo viatu. Kila mwaka ikifika siku ya mashujaa wenzangu huenda kuweka mashada. Mimi nasingizia miguu. Nikaweke shada la nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa mbele yake, mimi ambaye nimelila jasho langu kwa kutafsiri, na niliona haya kwamba sikupata kujiuliza hata mara moja mkalimani yule alikuwa mtoto wa nani.

Alinirudishia mswada, akavua miwani. "Mmempata mtu wa kuyasema haya?"

"Bado, Baba."

"Basi nitayasema mimi."

Asubuhi ilikuwa na baridi na jua kali. Wazee wa mtaa walikuwa wametoa sharti: kamba isipite shingoni mwa mtoto wa mtu, hata kwa mchezo. Mwongozaji alikubali, kamba ikaning'inizwa tupu. Vijana waliopakwa vumbi walipanga mstari, mikono nyuma. Askari wetu saba walishusha kofia. Baba mkwe alikuja na kanzu nyeupe na koti la kaki lililoshonwa kwa ajili ya mwingine, likimpwaya. Mimi nilisimama ndani ya buti zangu za magazeti, nikasoma hukumu kwa Kijerumani. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu nisiyemjua.

Kwa mujibu wa mswada, mkalimani alitakiwa aanze kwa kusema "Bwana Mkubwa anasema", kisha atafsiri hukumu. Hivyo ndivyo nilivyoandika, na hivyo ndivyo sisi wakalimani tufanyavyo: tunajificha nyuma ya mwenye maneno. Baba mkwe aliwatazama wale vijana mmoja mmoja, maana wote aliwajua, na wengine ni wajukuu zake kwa ukoo. Akasema kwanza kwa Kingoni, kisha kwa Kiswahili:

"Ndugu zangu. Nimeambiwa niwaambie."

Akaishia hapo. Hakuitamka hukumu. Mwongozaji hakusema kata, mpiga picha hakuzima kamera, na wale vijana, ambao siku zote walikuwa wakigombania kufa, waliinamisha vichwa bila ya kuelekezwa. Mmoja wa askari alivua kofia. Baada ya muda ambao sijui ulikuwa dakika ngapi, mwongozaji alisogea kwa adabu, akamwomba Mzee arudie, ili apige picha kutoka upande wa pili.

"Hayo hayasemwi mara mbili," Baba mkwe alimjibu, akavua koti, akalikunja vizuri, akalirudisha kwa fundi.

Jioni tulipoitazama kanda, sauti haikuwamo. Betri ya kipaza sauti ilikuwa imekufa tangu asubuhi na hapana aliyegundua. Midomo ya mzee inacheza, vijana wanainama, kofia inavuliwa, na kimya.

Yaliyofuata hayana haja ya kuelezwa kwa urefu, maana kila mwenye kujua biashara ya filamu za vijana ameshayabashiri. Mtayarishaji alizichukua kanda kwenda kuzihariri Dar es Salaam, na simu yake ikawa haipatikani. Seremala hakulipwa nusu yake ya pili. Mama wa makande alilipwa na mke wangu, kwa fedha za kitenge. Bunduki ziligawanywa: nyingine zilikuwa kuni, nyingine fito za banda la kuku, moja ikawa mti wa Bibi. Kanda moja tu, ile ya hukumu, ilisahaulika ndani ya kamera, nami ninayo hadi leo.

Nimepata kusikia baadaye kwamba ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, walipotengeneza filamu yao ya vita vya ukombozi pamoja na Wayugoslavia, O Tempo dos Leopardos ya mwaka 1985, miongoni mwa waandishi wa mswada wake alikuwamo mshairi, Luís Carlos Patraquim. Nilifurahi kujua kuwa si mimi peke yangu mtu wa beti niliyepelekwa vitani. Ningependa kumwuliza swali moja: adui wa filamu yake alimpa maneno ya lugha gani?

Baba mkwe alifariki mwaka 2014. Mwezi wa Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha kwenye makumbusho ya Majimaji. Mwaka uliofuata filamu ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay kuhusu safari ya kizazi cha Songea Mbano kulitafuta fuvu la mzee wao ilionyeshwa Berlin. Jina lake lina maana ya kaburi tupu. Nilizipokea habari zote mbili kwa shukrani, na nikafikiri juu ya mtu ambaye hatatafutwa na filamu yoyote. Kaburi lake si tupu. Liko nyuma ya shamba la mahindi, na wenyewe hulipita kimya.

Wenye kutengeneza filamu za vita hulalamikia bunduki, umeme, mvua na fedha, nami nimeyalalamikia hayo hapa. Lakini hayo yana dawa: ubao hugeuka bunduki, kinyozi huchaji betri. Kilichotushinda Msamala ni kupata watu wa kusimama upande ule mwingine na kusema, huyu naye alikuwa wetu. Katika mtaa mzima alipatikana mmoja, naye hakuwa mwigizaji.

Mwaka jana nilipokuwa huko, mjukuu mmoja, wa miaka saba hivi, aliniona nimeinama mlangoni nikiufuta vumbi ule mti wa Bibi. Akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia kwamba ile ni bunduki.

"Ya nani, Babu?"

Nikamkalisha kwenye kizingiti, nikaanza kumhadithia. Nilianza na jina la mkalimani. Hapa silitaji, kwa kuwa si langu. Lakini yeye ni lake, na sasa analijua.